Jinsi Misumeno Mizito ya Zamani Ilivyogeukia Kupasua Mbao

Katika kazi ya miti kuna mikato miwili ambayo mtu asiye fundi huweza kuidhania kuwa ni mmoja. Wa kwanza ni kukata, yaani kuupitisha msumeno kuvuka nyuzi za mti, kama inavyofanywa wakati wa kuuangusha au kuligawa shina lake vipande; wa pili ni kupasua, yaani kuupitisha msumeno kwa urefu wa gogo, toka ncha hadi ncha, ili kupata mbao. Msumeno wa mnyororo, ambao mitaani huitwa chensoo na kwa Wakenya wengi pawasoo, uliingizwa msituni kwa ajili ya mkato wa kwanza. Hata hivyo, mashine zilizotengenezwa Ujerumani na Marekani kati ya mwaka 1950 na mwisho wa miaka ya 1970, ambazo wakataji miti waliziacha kwa sababu ya uzito, leo zinakarabatiwa na kupewa kazi ya kupasua magogo, na katika kazi hiyo zinastahili heshima kubwa kuliko ile zilizopata enzi za ujana wake.

Kabla ya injini, ubao ulikuwa kitu cha gharama kubwa ya jasho. Pale ambapo msumeno mrefu haukuwepo, shina lilipasuliwa kwa kabari, kisha kila pande likachongwa kwa shoka na tezo hadi libaki bapa, na mara nyingi pande zima liliishia kuwa ubao mmoja au mbao mbili huku sehemu kubwa ya mti ikiwa vibanzi chini ya miguu ya fundi. Msumeno wa watu wawili ulipunguza hasara hiyo. Gogo liliwekwa juu ya shimo au juu ya jukwaa, mtu mmoja akasimama juu yake na mwingine akaingia chini. Yule wa juu aliuinua msumeno na kuufuatisha mstari, na yule wa chini aliuvuta, kwa kuwa meno ya msumeno wa namna hiyo hukata unaposhuka, akila vumbi machoni tangu asubuhi hadi jioni. Upasuaji huo wa shimoni ulienea Ulaya kwa karne nyingi, na katika misitu ya Tanganyika, Kenya na Uganda uliendelea kulisha maseremala hata baada ya viwanda vya mvuke kuingia. Viwanda hivyo navyo vilikuwa na sharti lake, kwamba gogo lifike kiwandani na mbao zipate njia ya kutoka; katika milima ya Usambara kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma ili kuteremsha mbao za mtarakwa toka Shume hadi bondeni kwenye reli, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Asiyekuwa na mtaji wa kamba na reli alibaki na shimo lake.

Wazo la mnyororo wenye meno lilizaliwa mbali na msitu. Mwishoni mwa karne ya 18 madaktari wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mwembamba wa mkono kukata gegedu la nyonga na mifupa iliyoharibika, na karibu mwaka 1830 Bernhard Heine wa Würzburg akatengeneza chombo cha upasuaji ambacho mnyororo wake ulizunguka kwenye ubapa kwa kusukumwa na mkono wa kuzungusha. Umbo lake ni lile lile la msumeno wa leo: ubapa wa chuma wenye mfereji kwenye ukingo, mnyororo unaoteleza ndani ya mfereji huo, na gurudumu la meno linaloutia mwendo. Kilichokosekana ni nguvu tu.

Nguvu ilitafutwa kwa muda mrefu. Mwaka 1905 Samuel J. Bens wa San Francisco alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kwa msumeno wa mnyororo uliolenga miti mikubwa mno ya redwood katika pwani ya California. Mafanikio ya kibiashara, hata hivyo, yalianzia Ujerumani. Andreas Stihl, aliyeanzisha kampuni yake mjini Stuttgart mwaka 1926, alianza na mashine ya umeme iliyohitaji watu wawili, ambayo haikuwa na maana pasipokuwa na waya wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp aliijaribu mashine yake ya petroli kwenye mlima Dolmar, katika eneo la Thuringia, akaipa kampuni yake jina la mlima huo. Na mwaka 1929 Stihl naye akatoa ya petroli. Mashine ya Lerp ilikuwa na uzito wa takriban kilo 58. Mtu mmoja alishika injini, mwingine akashika mpini ulio kwenye ncha ya ubapa, na wote wawili walitakiwa kukimbia kwa pamoja mti ulipoanza kulia.

Vita vya Pili vya Dunia vilizizuia mashine za Kijerumani kufika Amerika ya Kaskazini, na viwanda vya Kanada na Marekani vikalazimika kutengeneza za kwao. Vita hivyo pia viliacha ujuzi mpana wa kuyeyusha na kumimina aloi za aluminiamu na magnesiamu, metali nyepesi ambazo ziliingia moja kwa moja katika vifuniko vya injini ndogo. Lakini kizuizi kikubwa zaidi wakati huo hakikuwa injini. Kilikuwa ni jino.

Minyororo ya mwanzo iliiga meno ya msumeno wa mkono: baadhi ya meno yalichana nyuzi pande mbili za mkato, na mengine yaliyofuata nyuma yakazikwangua na kuzitoa nje. Yalifanya kazi, ila yalikuwa butu upesi, yalihitaji kunolewa kwa ustadi usio wa kawaida, na yalikula nguvu nyingi ya injini kwa sababu yalikwaruza mbao badala ya kuichonga. Jawabu lilitoka kwa Joseph Buford Cox, mkataji miti wa jimbo la Oregon, ambaye mwaka 1946 alimchunguza buu wa mdudu mmoja wa jamii ya mbawakawa aliyekuwa akitafuna kisiki. Buu huyo alipita ndani ya mbao kwa urahisi, akivuka nyuzi na kuzifuata bila kubagua, kwa taya mbili zilizopinda kama herufi C, akitafuna kulia kisha kushoto. Cox aliiga umbo la taya hizo katika chuma. Kila jino lake lilikuwa na ukingo uliokunjwa, moja likielekea kulia na linalofuata kushoto, na mbele ya kila jino palikuwa na kinundu kifupi cha kudhibiti kina, ambacho huamua unene wa kile ambacho jino litang'oa kila linapopita. Mwaka 1947 alianza kuuza mnyororo huo mjini Portland. Karibu kila mnyororo unaouzwa leo, uwe wa Ulaya au wa China, umetokana na jino hilo, na si kutia chumvi kusema kwamba buu yule alichangia ukataji miti wa karne ya 20 zaidi kuliko wahandisi wengi wenye shahada.

Baada ya jino kupata umbo lake, mashindano yalihamia kwenye uzito. Mwaka 1949 kampuni ya Kimarekani ya McCulloch ilitoa mfano wa 3-25, uliokuwa na uzito wa ratili 25, sawa na takriban kilo 11, ukashikwa na mtu mmoja; mwaka 1950 Stihl akatoa BL, mashine yake ya kwanza ya petroli ya mtu mmoja, yenye kilo 16. Tatizo lililobaki lilikuwa kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda. Kabureta ya zamani ilikuwa na kibakuli chenye boya, na boya halifanyi kazi isipokuwa likiwa wima, kwa hiyo injini ikilazwa ubavu hufurika au huzimika. Baadhi ya watengenezaji walilikwepa tatizo hilo kwa kuufanya ubapa uzungushwe huku injini ikibaki imesimama. Kabureta ya utando, ambayo utando laini wa mpira hupima mafuta badala ya boya, ilienea katika miaka ya 1950 na kuiwezesha injini kufanya kazi katika mkao wowote. Uvumbuzi huo ulikusudiwa kumsaidia mwangusha miti kwenye mteremko. Bila huo, hata hivyo, upasuaji wa mbao unaoelezwa hapa chini usingewezekana, kwa maana ndani yake injini hulala ubavu kutwa nzima.

Mwaka 1959 ulikuja mfano wa Stihl uitwao Contra, usiokuwa na gia kati ya injini na mnyororo, wenye nguvu za farasi 6, ujazo wa silinda wa takriban sentimita za ujazo 106 na uzito wa kilo 12. Ulifuatwa na ndugu zake, 070 na 090, na huyu wa mwisho alifika ujazo wa sentimita za ujazo 137. Upande wa Marekani McCulloch ilikuwa na majitu yake, kama 125. Ili msomaji apate kipimo, msumeno wa kawaida wa kukatia kuni siku hizi una ujazo wa takriban sentimita za ujazo 50. Wakataji miti waliyapenda majitu hayo kwa muda, kisha wakayachoka. Miaka ya 1960 na 1970 ilileta vishikio vilivyotenganishwa na injini kwa mpira au springi ili kupunguza mtetemo, ambao ulikuwa ukiua mishipa ya vidole vya wafanyakazi, na baadaye breki ya mnyororo, ambayo huusimamisha ghafla ubapa unaporuka kuelekea usoni. Mashine mpya zilizunguka kwa kasi kubwa zaidi na uzito mdogo. Zile za zamani zikawekwa rafuni, zikauzwa kama chuma chakavu, au zikapelekwa Amerika ya Kusini, Asia na Afrika, ambako mfano wa 070 uliendelea kununuliwa miaka mingi baada ya Ulaya kuuacha.

Kazi ya pili ya mashine hizo ilifunguliwa na kifaa kisicho na injini. Katika jimbo la California kampuni ya Granberg ilitengeneza fremu ya chuma iitwayo Alaskan, ambayo hubanwa kwenye ubapa wa msumeno, ikiwa na reli mbili zilizo sambamba na ubapa huo. Umbali kati ya reli na ubapa ndio unene wa ubao. Mpasuaji hulaza ngazi au ubao ulionyooka juu ya gogo na kuupigilia misumari, kisha husukuma mashine ikiteleza juu yake kutoka ncha moja hadi nyingine, na kinachotoka kwanza ni banzi, yaani kipande cha nje chenye magome. Sehemu bapa iliyobaki huwa ndiyo njia ya reli kwa mkato unaofuata, na kila ubao unaotoka huandaa njia ya mwingine. Kabari ndogo hupachikwa nyuma ya mkato ili ubao usilale juu ya mnyororo na kuubana.

Hapo ndipo kasoro za zamani zinapogeuka kuwa sifa. Mwangusha miti hubeba mashine yake kutwa, akipanda na kushuka, kwa hiyo kila kilo ni adui. Mpasuaji hulaza mashine juu ya gogo, na gogo ndilo linaloubeba uzito. Mwangusha miti hukata kwa sekunde chache kisha hupumzika. Mpasuaji huiendesha injini kwa nguvu zote dakika kadhaa mfululizo katika kila mkato, na injini ndogo yenye kasi hupata joto la kupita kiasi katika kazi hiyo, ilhali silinda kubwa yenye mizunguko michache kwa dakika huvuta polepole bila kukata tamaa. Si kwamba kila mashine ya kale ni bora kuliko mpya, kwani misumeno mikubwa ya kisasa hupasua vizuri na kwa usalama zaidi, ila bei yake huwashinda mafundi wengi, na jitu la miaka ya 1960 lililotupwa stoo huweza kupatikana kwa sehemu ndogo ya bei hiyo.

Injini peke yake, hata hivyo, haipasui kitu. Mbao ni fungu la mirija mirefu iliyobanana, na anayepasua kwa namna hii huwa analishambulia fungu hilo kwenye vichwa vya mirija, upande ulio mgumu kuliko yote. Ndiyo maana kinachotoka ni unga laini na si vipande vinene kama vya wakati wa kuangusha mti. Mnyororo wa kukatia hunolewa kwa mshazari wa takriban nyuzi 30, pembe inayofaa kuchana nyuzi kwa upande. Ukitumiwa kupasua, hutoa ubao wenye mawimbi na kuilemea injini. Mnyororo wa kupasulia hunolewa kwa pembe ya takriban nyuzi 10, karibu na mraba, na kwa hiyo jino hukwangua kama randa. Fundi aliye na tupa ya duara na kielekezi cha pembe anaweza kuubadili mnyororo wa kawaida kidogo kidogo kila anapounoa, bila kununua mwingine.

Ukarabati wenyewe una mantiki yake, na mwenye kuuelewa hutumia pesa mahali panapostahili. Chuma cha mashine hizo ni nadra kuchakaa. Kinachokufa ni mpira na viunganishi. Utando wa kabureta hukauka na kuwa mgumu kama karatasi, bomba la petroli hupasuka, na sili za mhimili, yaani pete za mpira zinazozuia hewa pande mbili za injini, huanza kuvuja. Hilo la mwisho ndilo hatari kuliko yote, kwa sababu hewa ya ziada huufanya mchanganyiko kuwa mwepesi, injini ikapata sauti ya juu inayomfurahisha asiyejua, na baada ya muda mfupi pistoni ikang'ang'ania ukuta wa silinda. Injini hizi ni za mipigo miwili, hazina bakuli la oili, na ulainishaji wake wote hutoka kwenye oili iliyochanganywa na petroli. Vitabu vya zamani vilitaka sehemu 1 ya oili kwa 16, 20 au 25 za petroli, tofauti na 1 kwa 50 ya siku hizi. Oili za leo ni bora kuliko zile, lakini katika kazi ya kupasua, ambamo injini haipumui, wakarabati wengi hawashuki mpaka 50, na kabureta huiongezea mafuta kidogo kupita kipimo cha kukatia kuni.

Mfumo wa cheche nao hutofautiana. Mashine za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 hutumia pointi, vipande viwili vya metali vinavyogusana na kuachana kila mzunguko, pamoja na kondensa, na fundi yeyote aliyewahi kutengeneza pikipiki za zamani huvitambua mara moja. Kusugua pointi na kuzipanga upya kumefufua mashine nyingi zilizodhaniwa kuwa zimekufa. Pampu ya oili ya mnyororo katika mifano ya mwanzo haikuwa ya kujiendesha bali ilibonyezwa kwa kidole gumba, jambo ambalo mpasuaji wa ubao mpana hana budi kulikumbuka kila baada ya hatua chache, asije akauchoma ubapa. Kuhusu mnyororo, habari ni njema kuliko inavyotarajiwa: mashine nyingi za aina hii hukubali mnyororo wa saizi ya inchi 0.404, ambao bado unatengenezwa kwa wingi kwa kuwa mitambo mikubwa ya kisasa ya kuvuna misitu inautumia.

Ubaya wa njia hii usifichwe. Mnyororo huacha mkato wenye upana wa takriban milimita 9, wakati msumeno mkanda, ule wa utepe wa chuma unaozunguka kwenye magurudumu mawili, huacha milimita 2 hadi 3. Anayepasua mbao za unene wa milimita 25 kwa mnyororo hugeuza zaidi ya robo ya kila hatua kuwa unga, na hesabu hiyo haijagusa mabanzi. Hasara huzidi pale fremu inapokosekana. Katika misitu mingi ya Afrika Mashariki na ya Kongo mpasuaji hupiga mstari kwa uzi uliochovywa katika mkaa wa betri kuukuu, kisha huupasua mvule au mkangazi kwa mkono mtupu, akiufuata mstari kwa macho; wapo wenye ustadi wa kustaajabisha, lakini ubao wa mkono mtupu mara nyingi huhitaji kurandwa sana kabla ya kutumiwa, na unene hutofautiana ncha kwa ncha. Hoja ya upotevu, pamoja na ile ya uvunaji usio na kibali, ilizifanya baadhi ya serikali zichukue hatua kali. Ghana ilipiga marufuku mwaka 1998 uuzaji wa mbao zilizopasuliwa kwa misumeno ya mnyororo, na bado mbao hizo ziliendelea kujaa katika masoko ya ndani, kwa kuwa viwanda vilipendelea kuuza nje ya nchi na seremala wa mtaani alihitaji mbao ya inchi mbili kwa nne siku hiyo hiyo.

Marufuku ya namna hiyo hukichanganya chombo na matumizi yake. Gogo la mwembe ulioangushwa na upepo nyuma ya nyumba, au la mkangazi ulioanguka kwenye bonde lisilofikika kwa lori, haliendi kiwandani hata kidogo. Huchomwa mkaa au huoza. Kwa gogo kama hilo upotevu wa robo ni bora kuliko upotevu wa yote, na msumeno wa zamani wenye fremu ndio unaofika pale. Kwa shamba la misindano lenye maelfu ya miti iliyolingana, kama yale ya Mafinga na Njombe, chombo hicho hakina nafasi, na msumeno mkanda unapaswa kupewa kipaumbele.

Mwenye kuamua kuufufua msumeno wa aina hii na atambue kwamba nyingi kati ya mashine hizo hazina breki ya mnyororo wala kinga ya mtetemo, na kelele yake huharibu masikio. Vizibo vya masikio, miwani, buti ngumu na barakoa ya vumbi ni sehemu ya mashine, si mapambo, na mapumziko kati ya mkato na mkato ni kwa ajili ya mikono kama yalivyo kwa ajili ya injini. Apate kibali cha mti kabla ya kuwasha plagi. Mbao zikishatoka azipange kivulini, zikitenganishwa na vijiti vya unene mmoja ili hewa ipite, na azipake ncha rangi au nta zisipasuke. Ubao wa inchi 1 uliokaushwa kwa hewa huhitaji takriban mwaka mzima kabla haujawa tayari kwa samani.